Kipande cha Kwanza cha Pai

Hadija alinitambua kwa sauti. Nilikuwa kwenye foleni ya dawa, hospitali ya misheni pale Nsambya, Kampala, nikibishana na karani aliyetaka nikajaze tena karatasi niliyokuwa nimekwisha kuijaza, na mwanamke mmoja mzee aliyekaa kwenye benchi nyuma yangu akasema taratibu, kama mtu anayejisemea, "Huyu bado anauliza tu." Niligeuka, sikumjua. Akaniambia yeye ni Hadija wa Mzee Rajabu, na kwamba mimi ni Profesa. Jina hilo sikuwa nimelisikia kwa zaidi ya miaka arobaini. Nimefundisha sekondari maisha yangu yote, sijawahi kuwa profesa wa kitu chochote. Ni baba yake aliyenibatiza hivyo, jikoni, kwa dhihaka. Tuliulizana habari za maradhi, kama wazee wanavyofanya, kisha akanialika kwake Kamwokya kwa futari siku ya Ijumaa. "Nitapika pai," alisema. Nikajibu kwamba nitafika. Siku nne zilizofuata nilizitumia kutafuta udhuru, na sikuupata.

Watu wa rika langu wakiombwa kusimulia miaka ile ya wanajeshi huwataja waliopotea, na wana haki. Mimi pia huwataja. Nina orodha yangu, nimeitoa mbele ya wanafunzi mara nyingi, na kila ninapofika mwisho wake darasa hunyamaza na mimi hujiona mtu mwema kwa dakika chache. Katika orodha hiyo Mzee Rajabu hayumo, kwa sababu hakupotezwa na wanajeshi. Alipotezwa na pai ya nyama, na kijana mmoja msomi aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Wahindi kuamriwa kuondoka nchini. Chuo kikuu kilikuwa kikifungwa na kufunguliwa kama duka lisilo na bidhaa, na mwalimu wangu wa falsafa alikuwa amekwenda likizo na hakurudi, na hakuna aliyemuulizia kwa sauti. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Nsambya, chini ya nyumba za reli, pamoja na Ssali, mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa na ulimi wa wembe. Sukari hatukuionja kwa miezi. Chumvi tuliipata kwa kujuana. Ndipo nikasikia kwamba maofisa wa jeshi waliokuwa wakila chakula kwenye nyumba moja ya Mhindi, juu kilimani, wanatafuta mtu anayejua kusoma lebo. Kweli, hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya kazi. Yule Mhindi alikuwa ameacha stoo iliyojaa makopo, mitungi na mifuko, na hakuna aliyejua kipi ni baking pauda na kipi ni dawa ya mende. Nilisoma lebo kwa siku mbili. Siku ya tatu nikapewa aproni.

Chumba cha kulia kilikuwa kikubwa, na ukutani kulikuwa na vivuli vyeupe vya mraba mahali picha za familia zilipong'olewa. Katika kona moja kulikuwa na kirafu cha mbao chenye madoa ya ubani, ambapo bila shaka palikaa miungu ya nyumba. Maofisa walikuwa wakiwekea kofia zao hapo. Kati ya chumba hicho na jikoni palikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula, chenye mlango mdogo wa kusukuma uliopinda, usiofungika vizuri. Kupitia ufa wake nilisikia mengi kuliko niliyowahi kusikia chuoni: nani amepandishwa cheo, nyumba ya nani imepewa nani, mke wa nani ameonekana na nani. Nilijiambia kwamba nafanya utafiti. Na nilikuwa nakula. Niseme hivyo waziwazi, kwa sababu wenzangu wengi waliofanya kazi kwa watu wale husema walilazimishwa. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu, nikifuata chumvi.

Mpishi alikuwa Mzee Rajabu, Mnubi, mjukuu wa mmoja wa wale askari walioletwa kutoka Sudani na Waingereza. Kwake kulikuwa kwenye vyumba vya watumishi, nyuma ya nyumba ileile, na mkewe na binti yake huyo Hadija. Ujana wake wote aliwapikia Wazungu wa reli, na kutoka kwao alichukua kitu kimoja tu alichokiheshimu, pai ya nyama na figo, ambayo aliitengeneza kwa namna yake. Mahali pa mafuta ya nguruwe alitia samli. Nyama aliikata vipande sawa na kifundo cha kidole, figo alizilowesha kwenye maji ya ndimu, akaanza na vitunguu, akafuatisha dania, pilipili manga na punje chache za iliki, akaacha chungu kichemke polepole mpaka mchuzi ukawa mzito wa kushika mwiko. Halafu alikiepua na kukiacha kipoe kabisa, hata kama maofisa walikuwa wakigonga meza. "Nyama ya moto nalilia kifuniko," aliniambia, akimaanisha kwamba mvuke wake hulowesha unga na ganda halikauki. Unga aliusukuma kwa chupa tupu ya soda, mara tatu, akiukunja na samli kila mara. Katikati ya bakuli, ndani ya nyama, alisimamisha kikombe kidogo cha kauri, kile cha kulia yai la kuchemsha, akakipindua juu chini ili kishikilie kifuniko kisididimie. Alikuwa amepewa kikombe hicho na bibi mmoja wa reli, na kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Kikombe hicho ndicho kilichotuletea sheria. Mnamo mwezi wangu wa pili alikuja kapteni mpya, mtu mnene kiasi, mwenye sauti ya upole na macho yaliyokuwa yakihesabu milango. Siku yake ya kwanza alichoma uma katikati ya pai, na uma ukagonga kitu kigumu, kling. Sikuwa nimewahi kuona watu wazima wakiruka vile. Luteni mmoja aliangusha kiti, mwingine alikuwa chini ya meza, na kapteni alikuwa mlangoni na bastola mkononi kabla sijaelewa kinachotendeka. Mzee Rajabu alitoka jikoni akifuta mikono, akavunja ganda kwa vidole, akakitoa kikombe kikidondosha mchuzi, akakiweka juu ya kitambaa cha meza. "Hii nashika paa ya nyumba, afande," alisema. Luteni wa chini ya meza akacheka. Kapteni hakucheka. Alisema kwamba chakula kilichofunikwa ni kama nyumba iliyofunikwa, hujui kilichomo, na kwamba kuanzia siku ile atakayeleta pai atakata kipande cha kwanza na kukila pale mezani, mbele yake. Nikadhani atapiga marufuku pai kabisa. Lakini aliipenda. Aliipenda na kuiogopa, na sasa naona ndivyo alivyokuwa kwa vitu vyote nchini.

Basi Mzee Rajabu akawa anakula kipande cha kwanza, akisimama wima kama askari, na hakuonekana kuona haya. Ni mimi niliyeona haya kwa niaba yake. Nilimwambia jikoni kwamba wanamfanya panya wa majaribio. Alinijibu kwamba yeye ndiye aliyepika, anajua alichotia, na mtu akila chakula chake mwenyewe amepungukiwa nini? "Wewe Profesa iko na maneno mingi," alisema. "Kichwa yako kama redio, hapana zima."

Ramadhani ilipoingia, akaniomba jambo. Aliomba kwa adabu, siku moja kabla ya mwezi kuandama, akiwa ameketi juu ya gunia la unga. Yeye atafunga, kama alivyofunga tangu alipokuwa mdogo wa miaka minane, na hajawahi kuacha siku ila za ugonjwa. Kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema angeweza, lakini kumeza kipande hawezi. Basi mimi ambaye sifungi wala sisali nimsaidie: nipeleke pai, nikate, nile mbele ya kapteni. Nilikubali. Kapteni naye hakujali. Alichotaka ni mdomo kutoka jikoni. Siku kumi na nane nilikula kipande cha kwanza. Siku kumi na nane Mzee Rajabu aliniuliza nikirudi, "Chumvi?" nami nikamjibu, akaitikia kwa kichwa na kwenda kulala kidogo kwenye mkeka wake hadi alasiri.

Nilimsumbua, hata hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuweza kukaa karibu na imani ya mtu bila kuitekenya. Nilimuuliza Mungu gani anayejali saa ya kumeza. Nilimuuliza, kama kufunga ni uvumilivu, mbona nchi nzima imefunga bila thawabu. Kwa hilo alicheka mpaka akashika mbavu, akasema nikaliseme msikitini nione. Siku nyingine nilimuuliza, iwapo kapteni atakuelekezea bastola, utafungua au utakufa? Alikuwa akisukuma unga. Akasimamisha chupa. Akasema, "Mambo kama hiyo hapana uliza mtu. Mtu hapana jua yeye nani mpaka siku yake." Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyopata chuoni, nami nililichukua kama mtu anayekwepa swali.

Ssali ndiye aliyenimaliza. Jioni moja alikuja na habari kwamba wanafunzi wenzetu wamejua ninachofanya kilimani, na wamenipa jina: mwonjaji wa mfalme. Alilisema huku akila kipande cha pai nilichomletea, makombo yakimwanguka kifuani. Alisema wengine wanakufa kwa kukataa, mimi nimepata kazi ya kuhakikisha wauaji hawavimbiwi. Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kazini nikiwa nimejitengenezea msimamo, na msimamo ule ulikuwa safi, umenyooka, kama kila kitu ambacho hakijagusa mtu. Nusu saa kabla ya chakula cha mchana, pai ikiwa tayari juu ya meza ya jikoni, ganda lake limeiva rangi ya udongo wa Nsambya, nilimwambia Mzee Rajabu kwamba sionji tena. Nilimwambia ni suala la utu. Kama sote tungekataa, wangefanya nini?

Hakunibembeleza. Aliuliza tu, "Leo?" Nikasema leo. Akasema, "Basi ngoja ipite leo, kesho tutazungumza na afande, tutatafuta njia." Nikasema kila siku ni leo. Nakumbuka nilifurahia jinsi sentensi ile ilivyotoka.

Sasa nitasema ambalo sikuwahi kuliweka kwenye orodha yangu ya darasani. Si utu peke yake ulionisimamisha. Nilitaka kuona. Nilikuwa nimemuuliza swali na hakunijibu, na nafasi ya kupata jibu ilikuwa imefika yenyewe, kwenye bakuli, ikifuka moshi.

Mzee Rajabu alivaa koti lake jeupe, akachukua bakuli kwa vitambaa viwili, akaingia. Mimi nilibaki jikoni, jicho kwenye ufa wa kidirisha. Mezani walikuwa watatu: kapteni, yule luteni mcheshi wa chini ya meza, na luteni mwingine kijana ambaye najua alikuwa amefunga, lakini alikuja mezani kila siku na kukaa mbele ya sahani tupu kwa sababu kutokuwapo kwake kungepewa maana. Kapteni aliuliza, "Profesa iko wapi?" Mzee Rajabu angeweza kusema kwamba nimekataa. Lilikuwa neno moja, na lilikuwa la kweli, na lingenimaliza. Akasema, "Yeye naumwa tumbo, afande."

Alisema hivyo kunikinga. Ndilo lililomjia, uwongo wa kila mtu asiyetaka kumchongea mwenzake kazini. Lakini ni uwongo gani wa kumwambia mtu anayeogopa sumu? Kapteni aliweka uma chini taratibu. "Mtu nayeonja chakula yangu," alisema, "naumwa tumbo." Nilimwona Mzee Rajabu akielewa. Mabega yake yalishuka kidogo tu, kama ya mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Hapo nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa hatua nne. Ningetoka, ningesema nimepona, ningekula, na jambo lingeisha kwa kicheko cha luteni. Nilihesabu hatua zile wakati ule, nimezihesabu tangu hapo. Nilibaki.

"Kula," kapteni alisema. Mzee Rajabu akasema amefunga. Alisema kwa sauti ya chini, bila kuomba. Kapteni akatoa bastola, akaiweka kando ya sahani, si kwa hasira, kama mtu anayeweka kijiko, akamwambia akae. Yule luteni kijana alikuwa akitazama sahani yake tupu na hakuinua macho hadi mwisho. Mzee Rajabu aliketi kwenye kiti cha mezani, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Akatamka bismillahi. Akakata kipande cha kwanza, akakila. Alikula polepole, kwa mkono wa kulia, kama anavyokula mtu mwenye adabu. Alipomaliza alitaka kuinuka, na kapteni akasema, "Maliza." Ilikuwa pai ya watu sita. Alikula vipande vyote, na ganda, na mchuzi uliobaki pembeni alioukomba kwa ganda. Ilichukua muda mrefu. Luteni mcheshi alianza na utani kuhusu mzee aliyekuwa na njaa, akauacha katikati. Mwishowe katikati ya bakuli kilibaki kikombe cha yai, kimesimama peke yake, kimepinduliwa. Mzee Rajabu alikitoa, akakifuta kwa aproni, akakitia mfukoni, akasimama wima akisubiri. Kapteni alimtazama usoni kwa dakika kadhaa, akitafuta dalili. Halafu akasema, "Nzuri. Kesho tena, saa hii hii." Sasa aliongea kwa furaha. Alikuwa amepata mchezo.

Mzee Rajabu alirudi jikoni, akaenda nyuma ya nyumba akatapika, akasukutua, akarudi kuosha kikombe. Nami nikafungua mdomo. Hata siku ile nilifungua mdomo. Nilimwambia kwamba kwa sheria ya dini yake mwenyewe aliyelazimishwa hana kosa, funga yake haina doa, nimesoma. Aliendelea kukausha kikombe. "Yule hapana kunilazimisha," alisema. "Yule nafanya kazi yake. Wewe ndiyo ulikuwa na njia." Akakiweka kikombe kwenye rafu, juu, akavua koti jeupe na kulining'iniza. Hakuniita Profesa.

Asubuhi hakuja. Alikuwa ameondoka baada ya daku, kwa miguu, na baadaye tulisikia yuko Nairobi, Kibera, kwa jamaa zake Wanubi. Kapteni alikasirika kama mtoto aliyenyang'anywa. Mke na binti walitolewa kwenye chumba chao siku hiyohiyo, vyungu vikirushwa nyasini, na mimi nilisaidia kubeba godoro hadi barabarani, na mama yake Hadija akanishukuru. Ndiyo, alinishukuru. Hadija hakurudi shule. Wakahamia Kamwokya, wakawa wanauza sambusa kwenye beseni.

Na pai? Nani mwingine alijua kuitengeneza? Niliipika mimi, miezi saba, hadi chuo kilipofunguliwa tena. Nilisubiri nyama ipoe, nikasukuma unga mara tatu kwa chupa ya soda, nikasimamisha kikombe katikati, nikaipeleka mezani, na kila siku nikakata kipande cha kwanza na kukila mbele ya kapteni. Suala la utu sikulitaja tena. Ssali aliendelea kula makombo. Siku ya mwisho niliiba kikombe.

Ijumaa ile ya futari nilikipeleka Kamwokya ndani ya soksi. Nyumba ya Hadija ni vyumba viwili nyuma ya duka la spika, na muziki wa duka ulizimwa dakika chache kabla ya magharibi, kwa heshima yake, alisema, wale vijana wanamjua. Meza ilikuwa na tende, uji, na pai. Katikati ya kifuniko paliinuka kidogo. Alikuwa ametumia kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi, kikayeyuka upande, akacheka alipoonyesha. Nikatoa kile cha kauri. Alikishika muda mrefu, akapitisha kucha kwenye ule ufa.

Alinisimulia kwamba baba yake aliishi Kibera miaka kumi na minne, akipika kwenye hoteli ndogo, na hakuwahi kupika pai tena. Hakurudi hata wakubwa walipobadilika. Walimtembelea mara mbili. Kuhusu siku ile hakuwaeleza zaidi ya jambo moja, kwamba mwenzake wa jikoni aliumwa tumbo na yeye akashika zamu yake. "Baba alimuuliza kila mtu aliyetoka Kampala," Hadija alisema. "Yule Profesa, tumbo lake lilipona?"

Sijui alikuwa akinikinga hadi mwisho au alikuwa akinichoma. Nimezoea kuuliza kila kitu, na hilo halina wa kuulizwa. Nilimtazama Hadija, uso mkavu wa mtu aliyefunga siku nzima kwenye joto, kisu mkononi.

"Sikuwa naumwa, Hadija," nilisema. "Nilikuwa mzima. Nilikuwa nyuma ya mlango."

Adhana ilianza, msikiti wa karibu kwanza, kisha wa mbali. Hadija alikata pai, akachukua kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani na kuisukuma mbele yangu. Tende yake ilikuwa pale, karibu na mkono wake, na hakuigusa. Nikala. Alinitazama nikitafuna, alinitazama mpaka nikameza, na aliponiona nimemeza ndipo alipochukua tende yake, akatamka bismillahi, akafungua.